Redio inayosikia upande mmoja: kuusoma uziwi wa mawimbi mafupi

"Fundi, redio hii ina ubaguzi."

Aliyesema hivyo ni Maalim mmoja mstaafu, huku akiifungua kanga aliyoiviringishia redio yake ya valvu, zile chupa za kioo zilizokuza ishara kabla ya transista: kasha la mbao, kitambaa cha spika kilichofifia, kioo cha masafa chenye majina ya miji ya Ulaya. Alikuwa ameipakata juu ya vespa ya mjukuu wake mpaka kibandani kwangu Mwembetanga, mjini Unguja, na hakukubali mtu amsaidie kuiteremsha. Ilinunuliwa na baba yake, enzi ambazo Sauti ya Unguja, iliyoanza mwaka 1951, ilikuwa bado kitu kipya mjini, na watu walikuwa wakigombania baraza yenye redio ili wasikie Kiswahili cha Cairo kilichoanza 1954, kisha cha BBC mwaka 1957.

"Ubaguzi wa namna gani, Maalim?"

"Mshale ukiwa kulia, inasikia hata wanaonong'ona. Urudishe kushoto, kimya. Na usiku ndiyo inazidi."

Akaniongezea, kwa sauti ya chini kama anayetoa siri ya nyumba, kwamba ilishapita kwa fundi mwingine. Fundi huyo alifungua kifuniko cha nyuma, akashika bisibisi, na kila skrubu ndogo aliyoiona akaigeuza kidogo ili aone redio itajibu nini. Redio ilimjibu. Idhaa ya Zanzibar ikaanza kusikika mahali pawili kwenye kioo, na kule kushoto kukazidi kuwa kimya.

Redio iliyokufa kabisa haina maneno mengi: unafuata umeme mpaka ulipokatikia. Hii iliyo hai nusu ndiyo inayotuumiza vichwa, kwa sababu inakupa vitu kumi vya kushuku na kila kimoja kina skrubu yake inayokuita. Mimi nina msimamo mmoja juu ya ugonjwa huu. Uziwi una mahali pake kwenye kioo, na mahali hapo ndipo panapotaja kifaa kilichoharibika. Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachoshika ni kalamu na karatasi. Bisibisi itakuja baadaye sana.

Kwanza mbingu iondolewe lawama

Mawimbi mafupi ni masafa ya megahezi 3 hadi 30, yaani mawimbi yenye urefu wa mita 100 hadi 10. Stesheni za mbali hazitufikii kwa kunyooka juu ya ardhi. Mawimbi yake hupanda, yakakutana na matabaka ya hewa yenye chaji ya umeme yaliyo juu sana, kilomita mia na zaidi, yakapindwa na kurudishwa chini. Matabaka hayo huumbwa na jua, kwa hiyo hayatulii. Mchana, masafa ya chini kama mita 49, karibu na megahezi 6, hudhoofishwa na tabaka la chini kabla hayajafika mbali, wakati mita 19 na 16 zinachangamka. Jua likizama mambo hugeuka: masafa ya chini yanafunguka, ya juu yanalala.

Sasa tazama mtego ulivyotegwa. Kwenye redio ya Maalim, kama kwenye nyingi za zamani, masafa ya chini yako kushoto na ya juu kulia. Mtu akiiwasha saa nane mchana atasema redio ni kiziwi kushoto. Mwingine akiiwasha saa sita usiku atasema ni kiziwi kulia. Wote wawili wanaweza kuwa na redio nzima. Nimewahi kuwarudishia wenyewe redio zao bila kuzigusa, wakaondoka wanadhani kazi imenishinda.

Malalamiko ya Maalim yalikuwa kinyume na mbingu, na hilo ndilo lililonifanya nimsikilize. Usiku ndio wakati ambao kushoto panatakiwa pawe na soko, naye alisema usiku ndio panazidi kuwa kimya.

Kipimo ambacho mbingu haiwezi kukiharibu ni mvumo, ile "shshsh" ya redio isiyo na stesheni. Weka mshale mahali pasipo na stesheni, chomoa waya wa eriali, sikiliza. Urudishe. Redio nzima mvumo wake utaruka pale waya unapogusa, kwa sababu masafa haya hayakosi kelele, za radi za mbali na za mji wenyewe. Pale ambapo kuunganisha eriali hakubadilishi chochote, hapo redio haisikii, mbingu iwe ilivyo.

Kelele za mji nazo ziangalie. Taa za LED za bei rahisi, chaja za simu na inverta za sola hutoa uchafu unaoweza kuifunika sehemu moja ya kioo na kuiacha nyingine. Unguja ilipokosa umeme wa gridi kwa takriban miezi mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010, majenereta yalitunyima usingizi, lakini redio yangu ndogo ya betri ilikuwa ikisikia stesheni ambazo sijazipata tena vile. Redio ya umeme huwezi kuipima kwa kuzima meni swichi, basi zima kimoja kimoja: chaja, taa, runinga ya jirani ukiweza.

Baada ya hapo ndipo ninachora ramani. Kila bendi naigawa sehemu kumi, na katika kila sehemu naandika mambo matatu: mvumo unaruka au hauruki eriali ikiguswa, stesheni ninazozipata zina nguvu gani, na je, kila stesheni imekaa kwenye namba yake ya kioo au imehama. Hili la tatu wengi hawaliandiki, na ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote.

Wachukuzi wawili na mti mmoja

Ili ramani isomeke, lazima ujue redio inafanya nini. Karibu redio zote za aina hii zinafuata mpango alioubuni Mmarekani Edwin Armstrong mwaka 1918. Badala ya kukuza kila stesheni kwenye masafa yake, redio huigeuza kwanza iwe masafa mamoja ya kati, mara nyingi kilohezi 455 au karibu na hapo. Ni kama kusema majahazi yatoke yatokako, mizigo yote itateremkia gati moja, na wapagazi wenye nguvu wote tumewaweka pale.

Kugeuza huko kunahitaji wimbi la pili linalotengenezwa ndani ya redio yenyewe. Anayelitengeneza anaitwa osileta. Ukitaka stesheni ya kilohezi 6000, osileta hutoa 6455; ukitaka 17000, hutoa 17455. Tofauti daima ni 455, na tofauti hiyo ndiyo inayoendelea na safari kuelekea spika.

Fikiria wachukuzi wawili waliotia mti mabegani, mzigo ukining'inia katikati. Wa mbele ni saketi ya eriali, yenye kazi ya kuichagua stesheni katika zote zinazoingia kwa waya. Wa nyuma ni osileta. Unapozungusha kitufe, unawasogeza wote kwa mpigo mmoja, kwa kuwa kapasita ile kubwa ya vibamba, kifaa kinachoshika chaji ya umeme, ina vyumba viwili juu ya mhimili mmoja. Umbali kati yao unatakiwa ubaki 455 kutoka mwanzo wa kioo hadi mwisho.

Tatizo ni kwamba hatua zao hazilingani. Chukua bendi inayotoka megahezi 5.9 hadi 18. Saketi ya eriali inatakiwa iongeze masafa yake mara 3.05, na kwa kuwa kapasita hufuata kinyume cha mraba wa masafa, vibamba vinatakiwa vibadilike mara 9.3. Osileta inatoka 6.355 hadi 18.455, ongezeko la mara 2.9, yaani vibamba vibadilike mara 8.4 tu. Mhimili ni mmoja, vibamba vinafanana, hesabu mbili. Viwanda huwapatanisha kwa vitu vidogo: kapasita inayowekwa mfululizo upande wa osileta, inayoitwa pada, kapasita ndogo za kurekebisha kwa skrubu, trima, na viini vya feraiti, kauri nyeusi yenye chuma, vinavyoingia na kutoka ndani ya koili, yaani waya uliozungushwa. Hata hivyo mapatano hayo huwa kamili mahali pawili au patatu tu kwenye kioo. Kwingine ni kuvumiliana.

Kati ya hawa wawili, kila mmoja ana dalili yake. Osileta ndiye anayeamua stesheni ipi isikike na ikae namba gani. Saketi ya eriali inaamua isikike kwa nguvu kiasi gani. Kwa hiyo stesheni ikiwa mahali pake lakini dhaifu, mshuku wa mbele. Stesheni zikiwa zimehama namba zake, mshuku wa nyuma, na usimguse wa mbele mpaka wa nyuma apone.

Na kila ncha ya kioo ina skrubu yake. Kulia, masafa ya juu, vibamba vimefunguka na kapasita kubwa imebaki ndogo. Trima ya pikofaradi (kipimo cha kapasita) chache inaonjeka pale. Kushoto vibamba vimefunga, kapasita ni mamia ya pikofaradi, na trima ile ile inapotea. Kijiko cha sukari kwenye kikombe utakisikia, kwenye pipa hutakisikia. Kwa hiyo kulia hurekebishwa kwa trima, kushoto kwa kiini cha koili. Mtu anayehangaika kuponya uziwi wa kushoto kwa trima anaharibu kulia bila ya kupata kitu kushoto.

Ramani inavyosomeka

Bendi moja ikiwa imekufa na nyingine zote ziko sawa, usiende mbali: ni swichi ya bendi au koili ya bendi hiyo. Hapa kwetu chumvi ya bahari haina simile. Ncha za fedha za swichi huwa nyeusi, waya za shaba hufanya kutu ya kijani pale zilipolehemiwa, na waya mwembamba kama unywele hukatika ndani ya kutu hiyo bila kuonekana. Safisha kwa spiriti safi na brashi ndogo, zungusha swichi mara ishirini, subiri ikauke. Msasa unakwangua fedha yote, na mafuta ya cherehani, ambayo nimeyakuta kwenye redio zaidi ya moja, hukusanya vumbi likawa tope.

Mahali pamoja padogo panapokwaruza na kunyamaza kila mshale unapopita ni vibamba vinavyogusana, au kijipande cha chuma kinachokandamiza mhimili kimechafuka. Redio inayosikia kidogo, sawasawa kila mahali, haina ugonjwa tunaouzungumza leo. Hiyo ina matatizo kwenye masafa ya kati, kwenye valvu, au kwenye sauti yenyewe.

Inabaki ile inayosikia ncha moja na isiyosikia nyingine. Hapa kuna tofauti ambayo sikio linaijua kabla ya mita. Uziwi unaoteremka polepole, kama ardhi inavyoelekea pwani, ni wa wachukuzi waliopishana hatua. Uziwi unaokatika ghafla, kama bomba lililofungwa, ni wa osileta iliyozimika.

Ramani ya Maalim ilikuwa na yote mawili. Kutoka megahezi 18 mpaka 12 mvumo uliruka vizuri. Kutoka 12 ukawa unateremka. Ilipofika karibu na 8, ghafla, kimya kikavu, kile ambacho hata eriali ukiikwangua kwa kidole hakibadiliki. Magonjwa mawili, basi, na moja lilikuwa limekuja na fundi.

Osileta inayolala

Osileta ya valvu hutetemeka kwa sababu valvu inairudishia koili nguvu inayopotea. Vibamba vikifunga, koili ni ile ile lakini kapasita imekuwa kubwa, na saketi ya namna hiyo ni nzito kuisukuma. Valvu yenye afya inaisukuma. Iliyochoka, au iliyonyimwa umeme, inaacha. Ndiyo maana ikizimika huanzia upande wa chini wa bendi.

Unaweza kuthibitisha bila mita yoyote. Chukua redio nyingine ya betri, iweke karibu. Ya mgonjwa iweke megahezi 9, na ile ya pili izungushe taratibu karibu na 9.455. Utapita mahali mvumo unapozama, kama mtu aliyefunika kikombe kwa kiganja: hiyo ni osileta ya mgonjwa, unaisikia ikifanya kazi. Ishushe ya mgonjwa mpaka 7, ya pili ifuatishe 7.455. Kwa redio ya Maalim, hapo hapakuwa na kitu.

Mwenye mita anapima volti hasi kwenye gridi ya osileta, ule mguu wa valvu unaoongoza mkondo wake. Mita nayo ina uzito wake, ikiguswa pale moja kwa moja inaweza yenyewe kuizima osileta unayoitafuta, kwa hiyo mimi huchomelea rezista ya megaomu 1 kwenye ncha ya waya wa mita na kugusa kwa rezista hiyo. Kwa valvu kama ECH81 natarajia volti hasi 8 au 9. Nilizungusha kitufe polepole macho yakiwa kwenye mita: kwenye 17 ilikuwa hasi 8, kwenye 12 hasi 6, kwenye 9 hasi 3. Ikasitasita kwenye hasi moja na nusu, kisha sifuri.

Hapa nakiri uvivu. Nilikuwa na ECH81 nyingine kwenye kopo, nikaichomeka, osileta ikafika mpaka 6.5, nikasema imepona. Kama ningemwita Maalim jioni ile ningemrudishia ugonjwa wake. Lakini nilikumbuka lile neno lake, "usiku ndiyo inazidi", nikaiacha ikiwaka mpaka baada ya Isha. Saa mbili usiku umeme wa soketi yangu, uliokuwa volti 230 mchana, ulikuwa 198, na osileta ilikuwa imelala tena kwenye 7.

Valvu haikuwa na kosa kubwa. Nilipopima anodi ya osileta, mguu wa valvu unaopokea umeme wa juu, mchana nilikuta volti 60, mahali ambapo umeme wa ndani ni 230 na nilitarajia karibu 100. Kati yake kuna rezista moja tu, iliyoandikwa kiloomu 33. Nikaichomoa upande mmoja nikaipima: 68. Rezista za kaboni za zama zile hupanda thamani zikizeeka, zikikaa kwenye joto na unyevu, na hazionyeshi chochote kwa nje, hata rangi zake zilikuwa zinang'aa. Mchana valvu ilikuwa inajikongoja na nusu chakula. Usiku, kila nyumba ya mtaa ikiwasha feni na pasi, hata hiyo nusu ilipunguzwa. Niliweka rezista mpya ya 33, ya wati 1, nikamrudishia valvu yake ya zamani. Usiku ule, kwa volti zile zile 198, gridi ilikuwa hasi 6 kwenye ncha ya mwisho ya kushoto.

Kabla sijaendelea, kwa anayesoma huku ana redio wazi mbele yake: ndani ya redio ya valvu kuna volti 200 na zaidi za umeme wa moja kwa moja, na kapasita kubwa huendelea kuzishika hata plagi ikiwa mkononi mwako. Zitoe kwa rezista, upime, ndipo uguse. Na ziko redio zisizo na transfoma ya umeme kabisa, ambazo chasisi yake, ile fremu ya chuma, imeungwa na waya wa ukutani. Ukikuta valvu zinazoanza na herufi U, kama UCH81, ichukulie chasisi hiyo kama soketi iliyo wazi. Mkono mmoja mfukoni, ndala miguuni, na mtu mwingine nyumbani.

Kivuli cha Dole

Ikabaki kazi ya skrubu zilizogeuzwa. Redio Zanzibar kwa miaka mingi imetumia kilohezi 11735 kutoka mitambo ya Dole, na hapa mjini wimbi hilo linaingia hata kwenye eriali ya shibiri moja. Kwenye kioo cha Maalim ilikaa penye namba yake sawasawa, kwa sauti kubwa. Fundi aliyetangulia bila shaka aliporidhika nayo aliona amepatia. Lakini ilikuwepo tena kulia zaidi, kati ya 12 na 13, dhaifu na yenye mluzi.

Stesheni yenye nguvu kuonekana mara mbili ni jambo la kawaida kwa redio hizi, na kile cha pili tukiite kivuli. Masafa ya kati hayajali osileta iko juu ya stesheni au chini yake, yanachotaka ni tofauti ya 455. Stesheni ya 11735 itapita osileta ikiwa 12190, na itapita pia osileta ikiwa 11280. Kwenye redio nzima osileta iko juu ya namba ya kioo, kwa hiyo ile 11280 hutokea mshale ukiwa 10825. Yaani kivuli hukaa kushoto kwa stesheni, kilohezi 910 chini.

Cha Maalim kilikuwa kulia. Maana yake ile iliyokaa penye namba ndiyo kivuli, na yenyewe ndiyo iliyofukuzwa. Mwenzangu alikuwa ameingiza kiini cha koili ya osileta mpaka kivuli kikafika penye 11.7, akasimama hapo. Mahali pamoja alipatia, na sehemu nyingine zote wachukuzi walipishana. Kule chini, karibu na 6, osileta yake ilikuwa inakimbilia masafa yale yale ya eriali, umbali kati yao umekwisha. Na kulia, mahali eriali inapopitisha upana mkubwa zaidi, kosa lilivumilika, ndiyo maana Maalim alisema kulia inasikia. Ukiziangalia namba tu utasema redio imepangwa vizuri.

Nilikitoa kiini taratibu, kwa kijiti cha mpini wa mswaki nilichokichonga kwa tupa, maana bisibisi ya chuma hubadilisha koili kwa kuwepo kwake tu, na kiini cha feraiti hupasuka kama biskuti. Ile stesheni ya kulia ikasogea, ikapita 12.5, ikapita 12, ikakaa kwenye 11.7. Kivuli kikatokea upande wake, kushoto, karibu na 10.8.

Kwa ncha mbili zenyewe nilitumia jenereta yangu ndogo ya ishara, kwenye 6.2 na 17. Asiyekuwa nayo atumie tena ile redio ya pili: ukiiweka kwenye 5.745, osileta yake inatoa 6.2, na hiyo inatosha kuwa stesheni yako. Kushoto unarekebisha kiini, kulia trima, na kila ukipata vilele viwili kulia chagua kile cha trima iliyolegezwa zaidi. Unarudia, kwa sababu kila ncha inaivuta nyingine. Mimi nilikwenda na kurudi mara tano.

Osileta ilipotulia ndipo nikamwendea mchukuzi wa mbele, na kwake nina kifaa ninachokipenda kuliko mita. Ni bomba la kalamu ya wino. Ncha moja nimetia kipande cha feraiti, nyingine skrubu ya shaba ya manjano. Ukiingiza feraiti kwenye mdomo wa koili, koili inakuwa kama imeongezwa mizunguko. Ukiingiza shaba, kama imepunguzwa. Hugeuzi chochote, unauliza tu. Kwenye 6.2 niliingiza feraiti na mvumo ukapanda: koili inadai zaidi, kiini kikaingia nusu mzunguko. Kwenye 17 feraiti ilishusha na shaba ikapandisha, basi trima ikalegezwa. Redio iko sawa pale ncha zote mbili zinaposhusha.

Katika hatua hii usitumie stesheni ya Dole wala ishara yoyote kubwa. Redio ina mpango wa kujipunguza yenyewe ishara ikizidi, ili sauti ibaki sawa, na mpango huo utakuficha kilele: utazungusha skrubu na sikio halisikii tofauti. Chomoa eriali ndefu, weka waya mfupi, tumia ishara hafifu inayozama kwenye mvumo. Na masafa yakiwa juu ya 12, trima ya eriali huivuta osileta kidogo, kwa hiyo mkono mmoja uko kwenye skrubu na mwingine unatikisa kitufe huku na huku.

Wenye redio za transista msidhani mmesalimika. Hesabu ya wachukuzi ni ile ile. Betri zikichoka, bendi za juu mara nyingi ndizo hunyamaza kwanza. Na zile za miaka ya sitini zenye transista za AF114 hadi AF117 zina ugonjwa wa peke yake: ndani ya kopo la transista huota vinyweleo vyembamba vya bati vinavyogusisha waya za ndani na kopo lenyewe. Mafundi wengi hukata ule mguu wa nne uliounganishwa na kopo, na transista ikaendelea kuishi. Eriali ya kuchomoza nayo hukatika pale chini kwenye skrubu, mtu akatafuta ugonjwa wiki nzima.

Maalim alikuja Ijumaa baada ya sala. Nilimpa ramani mbili, ya zamani na mpya, akavaa miwani akazilinganisha kama anasahihisha mitihani ya skuli. Akaweka kidole penye 10.

"Na hapa mbona pamelegea?"

"Hapo ndivyo ilivyozaliwa, Maalim. Ncha mbili zimekutana, katikati wanavumiliana."

Akatikisa kichwa, akaniomba selotepu, akaibandika ile mpya ndani ya kifuniko cha nyuma, pembeni ya mchoro wa kiwandani. Ya zamani aliikunja akatia mfukoni.